Geuza huo ubao kabla hujabandika kitu kingine

Salamu ya kamwene tutapeana baadaye, mdogo wangu. Weka hiyo gundi chini kwanza.

Umeandika kwamba umekata hadibodi ya milimita 3, sentimita 90 kwa 60, jana umebandika kitenge upande wa mbele, na leo unaanza kupanga vitunda vya paina, buni na vipande vya vigae kwa ajili ya picha ya kutundika ya shindano lenu la ubunifu hapo Mafinga. Ukauliza mambo manne: rangi uzipangeje, gundi ipi ishike vitu vizito, kamba ya kutundikia uifunge wapi, na kama upake vanishi. Nimeyasoma yote, lakini nimekwama kwenye maneno yako haya: "nyuma nimeacha kama kulivyo maana hakuonekani." Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mimi, nikayaamini, na yakanila shilingi 86,000 na wiki tatu za usiku.

Mimi niko Uyole, Mbeya. Kikundi chetu cha kinamama kilitangaza shindano, mada ni "Nyumbani kwetu", kila mtu atengeneze picha ya kutundika kwa vifaa mchanganyiko. Nikaamua kutengeneza milima ya huku. Mlima Rungwe nikaufanya kwa kitenge cha kijani chenye tabaka tatu. Migomba ya Tukuyu nikaikata kwenye maganda ya mahindi niliyoyachovya rangi. Ardhi ilikuwa buni za Mbozi, moja moja, nimezihesabu zikapita 600 nikaacha kuhesabu. Ukingo nikauzungushia milulu, ile ile wanayosukia vikapu vya Iringa, niliyoletewa na wifi yangu. Na Ziwa Ngozi nikalifanya kwa vipande vya kioo, maana nilipanda kule mara moja na nililiona linavyong'aa chini shimoni. Ile picha niliipenda. Mpaka leo nikiifikiria naipenda.

Ubao nilinunua duka la vifaa vya ujenzi. Nilimuuliza muuzaji maswali ya mtu asiyejua: huu hautapinda? Akagonga kwa kidole, akasema hadibodi haipindi, imebanwa kwa mashine. Nikamuuliza na nyuma nipake nini? Akacheka. "Nyuma nani atageuza, mama? Usipoteze gundi." Mteja mwingine naye akaitikia. Basi nikarudi nyumbani na ujasiri wa kuazima.

Siku ya kwanza nilipaka gundi nyeupe ya mbao, niliyoizimua kwa maji, mbele yote, nikalaza kitenge. Ubao ukabenuka kidogo kuelekea kwangu. Nikasema ni unyevu, utatulia. Ulipokauka kweli ukatulia, kisha ukaendelea kupinda, safari hii pembe nne zikiinuka na katikati kuzama. Kidogo tu, unene wa kidole. Nikaweka matofali juu usiku kucha, asubuhi nikakuta umenyooka, nikafurahi, nikaendelea na kazi. Hapo ndipo nilipojichimbia. Tofali halikuondoa kile kilichokuwa kinavuta. Lilikizuia tu. Kila tabaka la gundi nililoongeza mbele liliongeza mvuto, na nyuma hakukuwa na chochote cha kuvuta upande wa pili.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Uyole unaijua, gundi haikauki. Nikasogeza picha karibu na jiko la mkaa. Usiku wa kuamkia shindano nikasikia sauti kama mtu anavunja njugu chumbani. Ilikuwa buni zinabanduka. Kitenge kilipinda pamoja na ubao bila shida, kitambaa kina uvumilivu, lakini kioo hakipindi. Ziwa Ngozi lilidondoka lote sakafuni. Pembe zilikuwa zimeinuka upana wa kiganja. Niliipeleka hivyo hivyo, maana jina langu lilishaandikwa. Kuna waliocheka, nikawajibu kwamba milima ya huku haijawahi kuwa tambarare. Nilipofika nyumbani nililia.

Nakasirika mpaka leo, na nasema wazi. Mtu anayeuza mbao kila siku anazijua. Angeniambia "sijui", ningemuuliza mwingine. Lakini kumpa mteja jibu la uhakika ili aondoke na bidhaa, halafu ukamcheka kwa kuuliza, hiyo ni dhuluma. Na naona sasa maneno yale yale yamefika Mafinga.

Elewa kinachotokea, maana ukikielewa hutahitaji mtu wa dukani. Maji ya gundi yakiingia upande mmoja wa ubao, upande huo unavimba. Yakikauka, gundi na kitambaa vinasinyaa na kuuvuta ubao kuelekea vilipo. Upande mmoja ukivutwa na mwingine haukuvutwa, ubao utapinda tu, hauna njia nyingine. Ushahidi unao mkononi: chukua kitunda kimoja cha paina uliyookota Sao Hill, kilichofunguka, kiloweke kwenye maji. Baada ya muda magamba yatajifunga. Kianike, yatafunguka tena. Kila gamba lina tabaka mbili, la nje husinyaa na kuvimba kuliko la ndani, ndiyo maana linapinda. Ubao wako wenye kitenge upande mmoja ni gamba la paina kubwa la sentimita 90. Hata plaiwudi, kaangalie ukingo wake: tabaka huwa 3, 5 au 7, kwa kawaida witiri, zimelazwa kwa kupishana, ili mbele na nyuma zivutane sawasawa. Waliobuni plaiwudi waliijali nyuma ambayo mimi niliambiwa haina maana.

Kwa hiyo, unachopaka mbele, paka na nyuma. Siku ile ile, gundi ile ile, maji yale yale. Nyuma huhitaji kitenge cha bei. Mimi sasa natumia karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji, naikung'uta vumbi, naifuta, nabandika ubao mzima hadi ukingoni. Kisha nausimamisha ubao wima, umeegemea kwenye misumari miwili, upepo upite pande zote mbili. Usiulaze mezani, maana upande wa chini utachelewa kukauka na utarudi kule kule. Na jiko liache lipike ugali.

Wewe umeshabandika mbele, lakini hujachelewa kwa sababu hujabandika vitu vigumu. Leo hii geuza ubao, lowesha nyuma kidogo kwa kitambaa chenye maji, bandika kaki, simamisha. Ukinyooka kesho kutwa, pigilia nyuma fremu ya mbao za inchi moja kwa mbili, na mti mmoja katikati. Ndipo uanze buni zako.

Kuhusu gundi uliyouliza, nyeupe inatosha, ila pale kigae kitakapokaa kata kitenge utoe kiduara, kigae kishike ubao wenyewe, la sivyo kitaning'inia kwenye uzi wa kitambaa. Na usibandike usiku wenye baridi kali. Chini ya nyuzi joto 10 hivi gundi nyingi za aina hii hukauka nyeupe kama chaki na hazishiki. Bandika saa tano asubuhi, jua likiwa limeingia ndani.

Mwaka uliofuata nilirudia Rungwe yangu kwa vipimo vile vile, nyuma nikaweka kaki. Imetundikwa sebuleni kwangu, imepita masika mbili za Mbeya, na nikiweka rula ya mwanangu mgongoni mwake mwanga haupenyi chini.

Umesema kitenge ulikibandika jana saa ngapi? Weka ubao wako mezani sasa, bonyeza pembe moja kwa kidole, halafu uniambie pembe ya pili imeinuka kiasi gani.