Vidonda vya kulala, vile vinavyompata mgonjwa anayelalia sehemu moja muda mrefu: maswali yenu leo

Swali (Pasua, Moshi): Mama kapata stroku, hainuki. Nimeambiwa niangalie wekundu ila ngozi yake ni nyeusi, sioni kitu.

Pole sana dada. Hapo ndo wengi wanakwama, wanasubiri wekundu ambao kwa ngozi zetu hauonekani kirahisi, wanakuja kushtuka kidonda kishafunguka. Tumia mikono. Mgeuze ubavu, pitia juu ya makalio pale kwenye mfupa, nyonga, visigino, viwiko, hadi kisogo, gusa kwa mgongo wa kiganja ulinganishe na ngozi ya pembeni, kama pana joto au ubaridi wa tofauti, pamekuwa pagumu au panabonyea sana, au ukigusa anakunja uso, basi chukulia ni stej ya kwanza, yaani hatua ya kwanza kati ya nne za kidonda, hata kama hajachubuka. Usipasugue, muondoe tu asipalalie. Ila pakiwa zambarau kama damu imevilia, nyama ya ndani inaweza kuwa ishaumia, mpeleke hospitali mapema.

Swali: Babu ana lengelenge la maji kisiginoni, ni stej gani?

Ya pili. Usilitumbue. Weka mto chini ya miguu kuanzia magotini ili kisigino kibaki hewani kabisa. Ya tatu unaona mafuta ya chini ya ngozi, ya nne ni msuli au mfupa.

Swali (Ngaramtoni): Kidonda kina gamba jeusi, nesi kasema hawezi kutaja stej. Kweli?

Kweli kabisa, chini yake hakuonekani, atataja vipi? Msilibandue nyumbani jamani, nawaomba. Likiwa kavu na gumu kisiginoni mara nyingi huachwa tu. Kukiwa na usaha, harufu, uvimbe au homa, hospitali siku hiyo hiyo.

Swali: Baba alikuwa stej ya nne, sasa kinajaa nyama. Kashuka ya pili?

Hapana kaka, ni stej ya nne inayopona. Kinachojaa ni kovu, sio ule msuli wa mwanzo, kwa hiyo pale patabaki dhaifu na panaweza kufunguka tena, endeleeni kumgeuza.

Swali: Tumkalishe kwenye ngata ya kanga?

Hapana, ile duara inabana damu pembeni mwa kidonda. Godoro zuri la sponji, mito, na kumgeuza, wengi wanaanzia kila masaa mawili halafu wanaangalia ngozi inasemaje, na mkimgeuza mnyanyueni wawili na shuka, msimburute.