Injini mpya ya ndege ndogo: hatari iko wapi siku ya kuijaribu chini?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko mwaka wa kwanza wa kujifunza ufundi wa ndege hapa Mwanza, nimetokea gereji ya magari. Wiki ijayo tunamaliza kufunga injini iliyofanyiwa ovahoo kwenye ndege ya propela moja, kisha tutaiwasha chini kabla haijaruka. Niogope nini hasa?

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kusema umetokea kwenye magari, maana ndiyo mazoea yatakayokuponza. Gari ukizima swichi na kutoa betri, plagi hazina moto tena. Injini ya ndege ndogo ina magneto mbili zinazojitengenezea umeme. Zikizungushwa tu cheche inaruka, betri iwepo isiwepo. Ufunguo ukiwa kwenye kuzima, kazi yake ni kuupeleka umeme wa magneto kwenye bodi kupitia waya mmoja mwembamba. Waya huo hufunguliwa injini inapobadilishwa. Ukisahaulika, ufunguo utakuwa mfukoni mwako na injini bado iko hai. Mtu akisukuma propela kidogo apate pa kupita, mvuke wa mafuta uliobaki kwenye silinda unatosha kuiwasha. Nimewahi kuukuta waya huo umefungwa pembeni kwa zipu, nadhifu kabisa, na karatasi ya ukaguzi imeshatiwa tiki.

Kwa hiyo propela isiguswe ovyo, wala asisimame mtu usawa wa mzunguko wake. Injini ikishawaka na kutulia kwenye mzunguko wa chini, geuza ufunguo kwenye kuzima kwa sekunde moja: inapaswa kukata. Na mnapojaribu magneto moja moja, mzunguko usiposhuka hata kidogo msishangilie. Huenda ile mliyodhani mmeizima bado inachoma.

Jingine ni kebo. Ndege huzimwa kwa kuvuta mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa ili mafuta yakatike. Kebo yake isipofika mwisho, au ya throtli ikichomoka na mzunguko ukapanda, utazima kwa nini? Zitazameni zote mbili zikitembea mwanzo hadi mwisho kabla ya kuwasha, na aliyeketi kwenye kiti ajue koki ya mafuta iko wapi bila kuitafuta. Breki zilizolala wiki kadhaa msiziamini peke yake: wekeni kabari kwenye magurudumu, fungeni mkia.

Oili: toeni plagi za juu, zungusheni kwa stata mpaka geji ipande, ndipo muwashe. Ikishawaka, sekunde 30 zikipita geji haijapanda, zima. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, si ndani ya gari.

Msiiunguze injini kwa kuingurumisha muda mrefu chini. Ringi za pistoni bado hazijakaa, na uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi haipozi sana. Kwa sababu hiyo hiyo geji ya mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini haitafika inchi 29 za zebaki. Karibu 26 si kosa.

Pua ielekee upepo, na fagieni kokoto, si mnajua mji wenyewe ni wa mawe. Wale wadudu wa ziwani wakiinuka kama moshi juu ya maji, subirini wapite. Wakiziba filta ya hewa mtashinda mkitafuta ubovu ambao haumo kwenye injini.