Muulize Mfamasia: Klorokwini Juu ya Kemo ya Baba

SWALI: Shikamoo mama. Baba ana miaka 63, saratani ya kongosho imeshafika kwenye ini, na anatundikiwa dripu ya kemo iitwayo jemsitabini. Binamu yangu aliyeko Marekani katutumia sauti WhatsApp, anasema haidroksiklorokwini, ile dawa ya baridi yabisi, ikiongezwa juu ya kemo uvimbe unanywea. Duka la dawa la hapa mtaani wanayo. Nimpe?
Kifungua mimba, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole ya kuuguza. Usimpe.

Binamu yako hakudanganya, ila kakusomea nusu ya karatasi. Jaribio lilifanywa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, matokeo yakatoka 2019. Wagonjwa 112 wa saratani hii walipewa jemsitabini na kemo nyingine, paklitakseli. Nusu hivi, kwa kura, wakaongezewa vidonge vya haidroksiklorokwini. Uvimbe ulinywea kwa 38 katika kila 100 waliomeza, na 21 kwa wenzao. Sauti ikaishia hapo, sivyo? Mwaka ulipotimia, waliokuwa hai ni 41 kwa 100 waliomeza, na 49 kwa wasiomeza. Siwezi kusema vidonge viliwaua, maana watu walikuwa wachache. Ila siku hazikuongezeka.

Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Seli ya saratani hii ikibanwa hula vipande vyake chakavu ili isogeze siku, na haidroksiklorokwini huizuia kusaga chakula hicho.

Tazama na kipimo cha jaribio hilo: miligramu 600 asubuhi, 600 jioni. Mgonjwa wa baridi yabisi kwa kawaida hapewi zaidi ya 400 kwa siku. Mimi ni wa kizazi kilichojikuna kwa kitana usiku kucha kwa klorokwini, dawa ya malaria, kabla Tanzania haijaiacha 2001, na ile ilikuwa dozi ya siku tatu! Haidroksiklorokwini ni ndugu yake. Ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhuru macho.

Hukuniambia kama baba ana sukari. Saratani hii huipandisha mara nyingi. Kama anameza metformini, dawa ya sukari, asiache, ingawa Waholanzi waliijaribu pamoja na kemo kwa wagonjwa 121, wakatangaza 2015 kwamba haikuwaongezea uhai. Siku akitapika au kuhara sana, mpigie daktari kabla hajaimeza.

Kliniki ijayo tia kwenye rambo moja kila anachomeza, mitishamba ikiwemo, ukamwage mezani kwa daktari. Na ile sauti mchezeshee.