Ukitaka kuandika ushujaa, usianze na nukuu

Makala yangu kuhusu John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, imesomwa kwenye mahafali ya shule moja huku kwetu, na tangu hapo simu haipumziki. Wengi wanauliza jambo moja: ile nukuu niliifanyaje mpaka ikakaa vile? Mimi si mtu wa kujisifu, ila kuna mhariri aliwahi kunirudishia kazi hiyo hiyo akidai habari ya mtu wa mwisho haiuzi. Sawa, bwana.

Makala nyingi za Akhwari zinafungua na yale maneno yake: "Nchi yangu haikunituma maili 5,000 kuanza mbio, ilinituma maili 5,000 kuzimaliza." Sasa msomaji umeshamlisha pilau kabla ya nikahi, atabaki kusubiri nini?

Mimi nilianzia barabarani, kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Mji uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, misuli inakaza. Anaanguka, goti linateguka, bega linajigonga chini. Wenzake wanapita. Nikamwacha Mamo Wolde wa Ethiopia achukue dhahabu yake kwa saa 2, dakika 20 na ushee, watu waanze kuondoka uwanjani, giza liingie. Zaidi ya saa nzima baadaye ndipo anaingia mtu mwenye bandeji mguuni, anachechemea. Walioanza walikuwa 75. Yeye ni wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Hapo tu ndipo nikaleta swali aliloulizwa: kwa nini hukuacha? Na jibu lake. Sikuongeza hata "alisema kwa ujasiri". Ujasiri gani tena wa kuutaja, wakati bandeji imeshaonekana?

Kuna msomaji kanibana kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City ni mbali sana kuliko maili 5,000. Ni kweli, ramani inasema hivyo. Lakini maneno ya mtu hayafanyiwi ukarabati ndani ya alama za nukuu. Unataka kusahihisha, sahihisha nje.

Ninyi wadogo zangu mnaookota misemo mitandaoni na kuipanga sita kwenye ukurasa mmoja, eti ushahidi: ushahidi wa nini? Simulia tendo kwanza. Nani alisema, lini, akijibu nini? Ukishindwa kujibu, futa. Narudia, futa. Shujaa hasimamishwi na maneno matamu.

Na msing'ang'anie nukuu moja mpaka mkamsahau mtu mwenyewe. Mwaka 1970 Akhwari huyu huyu alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, akashika nafasi ya 5. Sikuwa na msemo wake wowote wa siku ile, kwa hiyo aya hiyo niliiandika kwa matokeo matupu: mji, mwaka, nafasi.