Usitegemee Jibu la "Ndiyo, Mwalimu"

Kila mwaka shuleni kwetu tunapokea walimu wanafunzi waliokuja kwa mazoezi ya kufundisha, yaani BTP, na karibu wote huniuliza, kabla hata hawajapangiwa vipindi, ni kitu gani hasa cha kuogopa. Wengi hutarajia niwatahadharishe kuhusu vijana wa kidato cha nne wanaokaribia kulingana nao kwa umri, au kuhusu mkufunzi wa chuo anayetokea mlangoni bila taarifa kuwatathmini. Mimi huwaambia waogope darasa linaloitikia vizuri.

Hilo lilinikuta katika wiki ya kwanza ya mazoezi yangu, kwenye shule moja ya kata mkoani Morogoro, nilipokabidhiwa Hisabati ya kidato cha kwanza katika mkondo wenye wanafunzi 62. Mada ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani zenye namba za chini zisizolingana. Andalio langu la somo lilikuwa safi kuliko yote niliyoandika baadaye: dakika 10 za utangulizi, 30 za maarifa mapya, 20 za kuimarisha maarifa, 10 za tafakari na 10 za hitimisho, jumla dakika 80 za vipindi viwili mfululizo, na karatasi ya manila niliyoichora usiku kwa rula. Lakini woga huukimbiza ulimi. Nilipotazama saa, dakika 35 tu zilikuwa zimepita na sikuwa na neno jingine la kusema. Nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Nikauliza kama kuna mwenye swali, hakuna aliyenyoosha mkono, nikawapa maswali kumi ya zoezi, nikakusanya madaftari na kutoka nikiwa nimevimba kichwa.

Swali la kwanza lilikuwa nusu jumlisha theluthi. Katika madaftari 62, madaftari 41 yalikuwa na jibu la 2/5: wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, kwa mwandiko mzuri, na wengine wamepiga mistari miwili chini ya jibu kama nilivyowaelekeza. Mwalimu mwenyeji wangu, mama mmoja aliyekuwa amekaribia kustaafu, alikuwa akinitazama kutoka meza ya pili. Akachukua daftari moja, akalirudisha, akasema, "Mwanangu, wewe umewahi kumwona mtoto wa kidato cha kwanza akimwambia mwalimu mgeni kwamba hajaelewa, na wenzake sitini wanamsikiliza?" Nilitaka kujitetea, nikakosa pa kuanzia.

Kipindi kilichofuata sikuanza na kanuni. Nilichora chapati ubaoni, nikamwita kijana mmoja kati ya wale 41, bila kumwambia kwamba amekosa, nikamuuliza: "Una nusu ya chapati, mimi nimekuongezea theluthi. Sasa una ngapi?" Akajibu 2/5. Nikamwomba achore 2/5 pembeni ya ile nusu. Akaigawa chapati ya pili mara tano, akatia kivuli vipande viwili, akasimama na chaki mkononi akizitazama zote mbili kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimezoea kuvumilia. Kisha akacheka peke yake. "Mwalimu, nimeongezewa halafu imepungua!" Darasa likaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza nikasikia watu wakibishana kuhusu Hisabati na wala si kunikariria.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja baada ya hapo. Nilipoeleza tena namna ya kutafuta asili inayofanana, binti mmoja wa dawati la nyuma akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Kumbe ni KDS!" Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili, walikuwa wamekisoma shule ya msingi, na kukitafuta walikuwa wanakiweza vizuri tu. Tatizo ni kwamba shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nimetumia kipindi kizima kuwafundisha jambo wanalolijua kwa jina wasilolijua. Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kufundisha kidato cha kwanza ningemshauri atafute vitabu vya darasa la sita na la saba vya somo lake, aone wanafunzi hawa walikuwa wakiita nini kila kitu, kabla hajagusa azimio la kazi, yaani mpango wa mada atakazofundisha.

Tangu siku zile nimejitahidi kutouliza "Mmeelewa?" na sijafanikiwa kabisa, maana mdomo umeshazoea. Badala yake nampa kila mwanafunzi swali moja fupi, naweka chaki chini na kupita kati ya madawati nikisoma madaftari, nikianzia nyuma, kwa sababu walio mbele watajitokeza wenyewe. Nikikuta kosa linalojirudia, naliandika ubaoni bila kutaja mwenye nalo na kuuliza nani anaweza kulitetea. Ninapouliza swali nahesabu moyoni hadi saba kabla ya kumteua mtu. Sekunde saba za kimya mbele ya darasa ni ndefu ajabu, na mwalimu mgeni huzijaza kwa kujijibu mwenyewe. Maswali ya zoezi nayo ni matatu, si kumi. Ukitumia dakika moja tu kwa kila daftari, madaftari 62 yanakula zaidi ya saa nzima, na huo ni mkondo mmoja, kwa hiyo mwenye kutoa maswali kumi ataishia kupiga vema bila kusoma, akakosa habari ileile aliyokuwa akiitafuta.

Kuhusu mkufunzi anayekuja kutathmini, kuna mbinu kongwe ambazo mtaelezwa na waliowatangulia: kurudia somo ambalo darasa limeshafundishwa, au kuwapanga wanafunzi ili anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia na asiyejua anyooshe wa kushoto. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo, na mkufunzi, ambaye bila shaka alifanya hivyohivyo enzi zake, akaomba kuwauliza wanafunzi swali lake mwenyewe. Sitasimulia zaidi. Mimi siku yangu wanafunzi walikosea hadharani mara tatu, tukasahihishana, muda ukaniishia kabla ya hitimisho, na nikakatwa alama za matumizi ya muda, kwa haki kabisa.

Lipo pia suala la fimbo, ambalo wengi hawalihusishi na jambo hili. Mtoto aliyechapwa kwa kukosa jibu hajifunzi jibu, bali hujifunza kuitikia "Ndiyo, mwalimu" kwa nguvu zaidi. Na kwa upande wa sheria, Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, tena kwa viboko visivyozidi 4 na kwa kumbukumbu iliyoandikwa. Mwalimu mwanafunzi anayejiokotea fimbo ofisini hayumo humo. Wanaodhani ni jambo dogo wakumbuke video ya Oktoba 2016 kutoka Mbeya, iliyoonyesha walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari: ilienea nchi nzima, na waliohusika wakafukuzwa vyuoni. Utasikia walimu wazoefu wakikutania kwamba darasa litakupanda kichwani. Waitikie kwa heshima, shikamoo zao uzitoe kila asubuhi, lakini fimbo waachie wenyewe.

Mwisho wa andalio la somo kuna nafasi ya tathmini ya mwalimu, na nyingi ninazozikagua zimeandikwa "Somo limeeleweka", mara nyingine kwa wino uleule wa jana usiku, kabla somo halijafundishwa. Ijazeni baada ya kusoma madaftari, na mjaze kwa hesabu. Daftari langu la maandalio la mwaka ule bado ninalo, na chini ya lile somo la kwanza nimefuta maneno mawili kwa kalamu nyekundu na kuandika: "Wanafunzi 41 kati ya 62 wamejumlisha asili. Kesho nianze na chapati."