Ukipeleka filamu za bahari kijijini, panga kwa mwezi

Kila ikikaribia tarehe 8 Juni, Siku ya Bahari Duniani, vijana hunipigia simu wakitaka kuandaa tamasha la filamu za bahari na maziwa huku kwetu Mtwara. Nawaambia neno moja wote: tarehe hiyo fanyeni kongamano mjini, vijijini nendeni Septemba. Juni upepo wa kusi ni mkali, turubai la kuonyeshea picha halitulii na sauti inapeperushwa. Septemba upepo umelegea, mvua bado, minada ya korosho haijapamba moto, na nyangumi waliopanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto bado wanaonekana. Mtu aliyemwona nyangumi asubuhi akiwa kwenye ngalawa, usiku ana la kusema.

Kisha tazameni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wengi wako nyumbani. Ukichagua usiku wa giza ili picha ionekane vizuri, utapata watoto na wageni, na uliowafuata watakuwa baharini. Sisi tunaonyesha mwezi ukiwa na siku 12 hadi 16, baada ya swala ya isha. Mwanga tunaukwepa kwa ukuta: tafuteni jengo la shule au soko la samaki lenye ukuta unaotazama magharibi. Mwezi unapanda nyuma ya jengo, ukuta unabaki kivulini. Ukipakwa chokaa, hata turubai hamlihitaji. Na wazee wanarudi makwao wakiiona njia.

Vibali visiwatishe. Anzeni mapema na Bodi ya Filamu na afisa utamaduni wa halmashauri, mwenye filamu akubali kwa maandishi, mtendaji na mwenyekiti wa kijiji wajue. Wenyeji wa shughuli wawe BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za fukwe. Mkiwa Msimbati au kijiji kingine cha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, waalikeni pia watu wa hifadhi, ila waombeni waje bila sare, wakae mkekani na wenzao.

Kazi kubwa ni kuchagua filamu. Nyingi zinazotoka nje zina matumbawe ya kupendeza na sauti nzito inayosema binadamu ameharibu bahari. Mvuvi wa mtumbwi akiisikia hiyo, anajua binadamu anayesemwa ni yeye, na ananyamaza. Ndiyo maana napenda kuanza na filamu za maziwa. Haziwanyooshei kidole waliokaa pale, na maisha yaliyomo wanayajua: nyavu, taa, mchuuzi anayengoja ufukweni. Onyesheni habari za Ziwa Tanganyika, lililofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Swali la kwanza nililosikia kwa watazamaji wetu lilikuwa: sasa wale wenzetu wa Kigoma walikula nini? Msilikimbie swali hilo, wala msilijibu haraka. Likae, watu walizungushe wenyewe, kwa sababu ndilo swali la kila hifadhi duniani, na wanaolijua uzito wake ni wale wanaonunua unga kwa samaki wa siku hiyohiyo.

Kutoka hapo njia ya kwenda kwenye pweza ni fupi. Huko Songosongo, Kilwa, wamewahi kufunga miamba ya pweza kwa muda na kuifungua tena. Pweza jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Lakini hukua upesi mno, kwa hiyo miezi michache ya mwamba kupumzika huonekana kwenye mizani. Kanuni zetu zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na kila mtu amewahi kuona wa namna hiyo sokoni. Filamu fupi yenye mwamba, maji yakitoka, na mama aliyeshika mkuki wake itafungua mazungumzo kuliko nyangumi kumi.

Kipaza sauti kipelekeni kwanza upande wa wanawake. Kikianzia kwa wanaume kitaishia kwa wanaume, na wanaoijua miamba ya karibu, nyasi bahari na mwani, mara nyingi ni akina mama. Tuliona hivyo mara nyingi: mama akisimama kueleza mwamba gani ulikuwa na pweza na sasa hauna, wazee wanaacha kunong'ona.

Msiulize nani anavua kwa baruti. Kijiji kinamjua, na huenda amekaa pale na wanawe mapajani. Ulizeni mwamba ulioraruliwa na baruti unachukua muda gani kurudi, muwaachie wazee wajibu kwa miaka ya umri wao.

Msimuliaji wa kutafsiri papo hapo awe mtu wa bahari, hata kama hajawahi kushika kipaza sauti. Watafsiri wa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video, wana sauti nzuri, lakini changu, tasi na pono kwao wote ni samaki tu, na hadhira ya wavuvi inacheka pasipo pa kucheka. Mpeni filamu siku mbili kabla aitazame. Watoto wapeni yao ya mwanzo, fupi. Wetu waliipenda habari ya silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za kale mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na mwaka 2003 akanaswa hapahapa jirani, Songo Mnara, Kilwa.

Asubuhi yake msiondoke na gari la kwanza. Kaeni na katibu wa BMU, yaandikwe majina ya miamba iliyotajwa usiku na waliojitolea kuizungumzia kwenye mkutano wa kijiji, na filamu mziache kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ya mtu wanayemwamini wote.