Mkojo unanivuja hata nikiwa kwenye swala

SWALI: Assalamu alaykum, shekhe. Mimi ni mama wa watoto watano, nauza viazi hapa Uyole, Mbeya. Tangu nijifungue huyu wa mwisho, nikikohoa au nikijitwika debe mkojo unanitoka, na siku za baridi unavuja hata nikiwa nimesimama naswali. Natawadha tena na tena kwa maji ya barafu. Msikitini nimeacha kwenda, na swala nyingine zimenipita kabisa. Mume wangu hajui. Je, swala yangu inasihi?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Inasihi, dada yangu. Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba damu haimkatiki. Mtume akamjulisha kuwa hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi, na akamwelekeza atawadhe kwa kila swala. Hakumwambia asubiri mpaka apone. Juu ya hadithi hiyo wanazuoni wamejenga hukumu ya mwenye kuvujwa na mkojo.

Kwanza jichunguze. Ukipata nafasi ndani ya wakati wa swala inayotosha kutawadha na kuswali bila kuvuja, swali katika nafasi hiyo. Usipoipata, basi kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, subiri wakati uingie, jisafishe, weka pedi au kitambaa safi, utawadhe na uswali bila kukawia. Nia yako iwe kuhalalishiwa swala, si kuondoa hadathi, yaani hali ya kutokuwa na udhu, maana hadathi yako inaendelea. Kitakachotoka baada ya hapo hakikudhuru, usikatize swala. Udhu huo ni wa faradhi moja, na sunna kadiri utakavyo.

Umesema kusimama ndiko kunakouchochea. Kama ukikaa hauvuji, Mashafii wamesema uswali kwa kukaa, na hurudii swala hiyo. Wanawake wengi hawajaambiwa hili, nami linanihuzunisha, kwani wanateseka wamesimama na ruhusa ipo. Maji yapashe moto. Msikitini nenda, maadamu pedi inazuia mkeka usichafuke.

Lakini sitaki uishie kwenye udhu. Mtume amesema: “Jitibuni, enyi waja wa Allah.” Uzazi hulegeza misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu, na misuli hiyo hurudishiwa nguvu kwa mazoezi ya kuibana na kuiachia kila siku, kwa miezi kadhaa. Mwone daktari wa wanawake. Mbeya wapo, pale Hospitali ya Wazazi Meta. Kama mkojo unatiririka usiku na mchana bila kukohoa, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, mweleze upesi: huenda ni fistula, tundu linaloshonwa kwa upasuaji. Anayekuambia umerogwa usimsikilize. Wala usijinyime maji ya kunywa, kwani mkojo mzito hukiwasha kibofu.

Mumeo mwambie. Debe la viazi halipaswi kuwa kichwani mwako kwa sasa, naye hawezi kulibeba asilolijua. Akisitasita, mwonyeshe jibu hili.

Swala zilizokupita zilipe, kila siku kidogo kidogo, kwa udhu wake kila moja ikiwa bado unavuja. Allah akuponye. Wallahu a'lam.